Nani analipia Jumanne? Ratiba za ziara za kwarteti za injili ya Kusini tangu 1910

SWALI: Msomaji wa Nakuru, anayeimba besi katika kundi la wanaume wanne kanisani kwake, ameandika: "Nimeona picha ya ratiba ya mwaka 1957 ya kwarteti moja ya injili ya kusini mwa Marekani. Wanaimba karibu kila usiku: leo Georgia, kesho Alabama, keshokutwa Tennessee, na Jumapili mara mbili. Nikiangalia vikundi vya aina hiyohiyo siku hizi, naona Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, basi. Je, wale wa zamani walikuwa watu wa chuma, au hawa wa sasa wamezoea raha? Na ratiba kama ile ilipangwaje?"

JIBU: Ndugu yangu, chuma hakihusiki hapo, wala raha. Ukitaka kuielewa ratiba ya kwarteti yoyote, ya mwaka wowote, uliza kwanza: nani analipia Jumanne? Ijumaa hadi Jumapili hazina tabu kubwa, kwa sababu watu wana nafasi, kumbi zinajaa na makanisa yako wazi. Jumanne ndiyo inayowatoa watu jasho. Waimbaji wanne na mpiga piano wao wanataka kula na kulala, gari linataka mafuta, na mji mzima uko kazini. Kila kizazi cha waimbaji hawa kilipata njia yake ya kuilipia Jumanne, na njia hiyo ndiyo iliyoandika ratiba.

Njia ya kwanza ilikuwa vitabu. James D. Vaughan, mtunzi na mchapishaji wa nyimbo wa Lawrenceburg, Tennessee, aliiweka barabarani kwarteti yake ya kwanza ya kulipwa mwaka 1910. Kazi yao ilikuwa kuuza vitabu vyake, na uimbaji ulikuwa tangazo. Vitabu hivyo vilichapwa kwa noti za maumbo: do ni pembetatu, mi ni almasi, sol ni duara, la ni mraba, na kadhalika. Aliyejifunzia kwaya kwa solfa, kama wengi wetu Afrika Mashariki, ataona mara moja faida yake: mkulima ambaye hakukanyaga chuo cha muziki anaweza kusoma sauti yake mwenyewe. Watu hao walikuwa na makongamano yao ya uimbaji, mara nyingi Jumapili maalum ya mwezi, na kila mwaka walitaka nyimbo mpya. Kwarteti ilifika, ikaimba bure zile za kitabu kipya, na watu wakanunua.

Kwa hiyo Jumanne ya mwaka 1910 au 1925 ililipwa na kampuni, kwa mshahara. Katikati ya wiki waimbaji wengi walifundisha shule za uimbaji, kozi fupi za wiki mbili hivi katika kanisa au shule ya kijijini, hasa wakati palizi ya pamba imekwisha na uvunaji haujaanza. Ratiba ilifuata shamba. Ilikuwa na mwendo wa polepole, mji mmoja kwa siku kadhaa, kwa treni au kwa gari dogo kwenye barabara za udongo. Inatajwa kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 Vaughan alikuwa na kwarteti 16 barabarani kwa wakati mmoja. Virgil O. Stamps, aliyewahi kumfanyia kazi, alifungua kampuni yake huko Jacksonville, Texas, mwaka 1924. Baadaye kampuni hiyo ikawa Stamps-Baxter ya Dallas, nayo ikafuata mtindo uleule, ikituma kwarteti nyingi zenye jina la Stamps. Likumbuke hilo la jina moja kwa vikundi vingi, maana linawapotosha sana wanaosoma ratiba za zamani. Nitalirudia.

Halafu redio. Kwangu mimi hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, kigumu hata kuliko hiyo 1957 yako. Kikundi kilipata nafasi ya kuimba moja kwa moja studioni kila siku, mara nyingi alfajiri kabla wakulima hawajatoka au saa ya chakula cha mchana. Stesheni ililipa kidogo sana, au haikulipa kabisa. Faida ilikuwa kwamba kikundi kiliruhusiwa kutangaza kitaimba wapi jioni, na kusema: mkituhitaji, tuandikieni barua. Barua zilikuja kutoka shule, makanisa na kamati za vijiji. Jioni kikundi kiliimba darasani kwa kiingilio cha senti chache, kikagawana mapato na shule, kisha kikarudi mbio ili asubuhi kiwe tena mbele ya kipaza sauti.

Hebu chora duara kwenye ramani, katikati yake uweke mnara wa stesheni. Duara hilo ndilo ratiba. Huwezi kwenda mbali kuliko umbali wa kurudi kabla ya kipindi cha asubuhi, na hakuna faida ya kwenda pasipofika mawimbi, kwa kuwa huko hakuna anayekujua. Baada ya mwaka mmoja au miwili kila shule ndani ya duara imeshawasikia. Eneo limechakaa. Hapo kikundi kilifunga virago na kuhamia stesheni nyingine, pamoja na wake na watoto. Ukifuatilia maisha ya Blackwood Brothers utaliona jambo hili wazi. Walianza mwaka 1934 Mississippi, ndugu watatu, Roy, Doyle na James, pamoja na R.W., mtoto wa Roy. Wakaimba kwenye redio za jimbo hilo, wakaenda Shreveport, Louisiana, na mwaka 1940 wakaibukia Shenandoah, Iowa, kwenye stesheni ya KMA, mali ya mfanyabiashara wa mbegu Earl May. Hebu fikiria: vijana wa Mississippi wanaimba injili katikati ya mashamba ya mahindi ya Iowa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na duara jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mialiko ilizidi uwezo wao, wakawa kwa muda na kwarteti mbili zenye jina la Blackwood, moja ikishika redio na nyingine barabara.

Kati hapo ilipita vita. Mwaka 1942 Marekani ilianza kugawa matairi kwa mgao, na kabla mwaka haujaisha petroli nayo ikagawiwa nchi nzima, mwendo wa juu ukiwekwa maili 35 kwa saa, yaani kama kilomita 56. Waimbaji waliitwa jeshini. Ziara za mbali zilikufa. Blackwood Brothers walihamia San Diego, California, wakafanya kazi katika viwanda vya ndege na kuimba muda wa ziada. Ukikuta pengo la 1942 hadi 1945 katika ratiba ya kikundi chochote, usidhani kurasa zimepotea.

Vita vilipokwisha, watu walikuwa na fedha, magari na hamu ya kutoka. Tarehe 5 Novemba 1948, Wally Fowler alifanya mkesha wa uimbaji katika Ryman Auditorium, Nashville. Mkesha huo ulikaa kwenye kalenda: Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Nashville. Vikundi sita, saba, au zaidi vilipokezana jukwaani, kila kimoja kwa dakika chache, vikirudi tena na tena hadi usiku wa manane kupita. Atlanta, Birmingham, Memphis na miji mingine ikawa na mikesha yake, na huko Fort Worth, Texas, W.B. Nowlin aliita tamasha lake vita vya nyimbo, akawapambanisha waimbaji mbele ya kadamnasi. Ellis Auditorium ya Memphis ndiko Elvis Presley alikokwenda kuwasikiliza akiwa kijana asiye na jina.

Mikesha hii ndiyo uti wa mgongo wa ratiba kama uliyoiona. Promota wa mji mkubwa alishika Ijumaa au Jumamosi yake, mwezi baada ya mwezi, naye alilipa malipo ya uhakika yaliyokubaliwa mapema. Kikundi kilianza kwa kupigilia misumari hiyo mikubwa kwenye kalenda, kisha kikajaza nafasi zilizobaki kwa miji midogo iliyo njiani. Atlanta Jumamosi, Birmingham Ijumaa ijayo? Ni kilomita zisizozidi 250, kwa hiyo siku za katikati zinatafutiwa miji ya Georgia na Alabama. Waliolipia Jumanne hapa walikuwa watu wa mji mdogo wenyewe: kikosi cha zimamoto cha kujitolea kinachotaka pampu mpya, kamati ya shule inayotaka viti, klabu ya hisani. Wao walitoa ukumbi wa michezo wa shule na kuuza tiketi, halafu wakachukua sehemu yao ya mapato.

Hapa ndipo penye jibu la nusu ya swali lako. Jumanne usiku katika mji mdogo wa Alabama mapema miaka ya 1950, kulikuwa na nini kingine cha kufanya? Mwaka 1950 ni kama kaya 9 kwa kila 100 za Marekani zilizokuwa na televisheni. Kufikia 1960 zilikuwa karibu 87. Ratiba yako ya 1957 inakaa katikati ya mabadiliko hayo. Wale watu waliojaza ukumbi wa shule siku ya Jumanne walikuwa tayari wameanza kupungua, ingawa waimbaji wenyewe huenda hawakuliona jambo hilo bado.

Vikundi vilivyokuwa juu kabisa ni viwili: Blackwood Brothers, waliohamia Memphis mwaka 1950, na Statesmen wa Atlanta, walioundwa na mpiga piano Hovie Lister mwaka 1948. Kuanzia 1952 viwili hivi vilianza kuuzwa kwa promota kama kifurushi kimoja. Kwa promota ilikuwa raha, maana jioni moja ilileta majina mawili makubwa. Kwa wengine ilikuwa kilio, kwa sababu tarehe nzuri za mwaka mzima zilikwishachukuliwa. Nadhani ndiyo akili kubwa ya kibiashara katika historia yote ya muziki huu, ingawa sijui kama ilikuwa na upendo mwingi wa Kikristo ndani yake.

Ugumu uliobaki ulikuwa mwendo. Watu watano au sita katika gari moja la saluni, mizigo juu, usiku kucha, barabara za njia mbili. Blackwood Brothers walijaribu kuupiku kwa ndege yao wenyewe, R.W. akiwa rubani. Katikati ya Juni 1954 walishinda shindano la vipaji la Arthur Godfrey kwenye televisheni ya CBS, na mialiko ikafurika. Tarehe 30 Juni walikuwa Clanton, Alabama, kwenye sherehe ya mavuno ya pichi iliyofanyika uwanja wa ndege, na Statesmen walikuwa nao. Waliimba mchana. Kulikuwa na onyesho lingine jioni, na baada ya hapo walitakiwa kuruka gizani kutoka kwenye uwanja mdogo. R.W. alirusha ndege kabla ya onyesho ili aujaribu uwanja, akiwa na Bill Lyles, mwimbaji wao wa besi, na kijana mmoja wa hapo. Ndege ilianguka wakati wa kutua, wote watatu wakafa, wenzao wakiangalia.

Mazishi ya Memphis yalihudhuriwa na maelfu. Baada ya muda mfupi kikundi kilirudi jukwaani kikiwa na besi mpya, J.D. Sumner, na kuanzia 1955 kikasafiri kwa basi. Sumner ndiye anayepewa sifa ya wazo la kuchukua basi la abiria, kung'oa viti na kuweka vitanda. Kama si yeye pekee, yeye ndiye aliyelifanya kuwa desturi, na leo hata wanamuziki wa kantri na roki wanasafiri hivyo.

Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya barabara kuu za majimbo. Basi na barabara hizo vikaigeuza ratiba. Kikundi kilimaliza kuimba saa tano usiku, kikauza santuri mezani hadi mtu wa mwisho, kikapanda basi, kikaamkia mji ulio kilomita 600 mbele. Hoteli haikuhitajika kila usiku. Duara la redio likavunjika, ratiba ikawa mstari. Ukitaka kuuona mstari huo, fuata barabara ya I-75: inatoka Michigan, inapita Ohio, Kentucky, Knoxville, Chattanooga, Atlanta, hadi Florida. Watu wa Kusini walikuwa wamehamia kaskazini kwa wingi kufanya kazi kwenye viwanda vya magari vya Detroit na vya matairi vya Akron, na nyimbo zao walikwenda nazo. Ndiyo maana mji wa viwanda kama Akron ukazaa moja ya kwarteti zinazopendwa kuliko zote, Cathedral Quartet, katika kanisa la mhubiri Rex Humbard, mzaliwa wa Arkansas. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 walikuwa watumishi wa kanisa hilo. Mwaka 1969 wakatoka kwenda kutafuta riziki barabarani, na miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki kabla mambo hayajawanyookea. Waliendelea hadi 1999.

Ila basi lilikuwa na madai yake. Gari la saluni likiegeshwa halidai kitu. Basi lina mkopo wa benki, bima, matairi ya bei mbaya, na injini ambayo ikifa njiani inakula mapato ya mwezi. Basi liliwapa Jumanne, kisha likawadai Jumanne hiyohiyo. Vikundi vilivyokwisha kuwa na mabasi vilihitaji tarehe nyingi ili viyalipe, na kikundi kikubwa kuimba zaidi ya usiku 200 kwa mwaka lilikuwa jambo la kawaida.

Sharti niseme pia kwamba ratiba zote nilizoeleza ni za vikundi vya wazungu, maana soko lililokuja kuitwa injili ya Kusini lilikuwa lao. Kwarteti za Wamarekani weusi kama Soul Stirrers na Dixie Hummingbirds zilizunguka majimbo yaleyale miaka ileile, ila katika mzunguko wao wenyewe, na ratiba yao iliongozwa na jambo ambalo Statesmen hawakulazimika kuliwaza: usiku huu tutalala wapi, na nani atatuuzia chakula? Sheria za ubaguzi ziliwafungia hoteli na mikahawa. Walitegemea nyumba za waumini, na kitabu cha mwongozo kilichoanzishwa na Victor Hugo Green mwaka 1936 kuorodhesha mahali salama pa msafiri mweusi kililenga tatizo hilohilo. Mji wenye ukumbi mzuri lakini usio na mahali pa kulala ungeweza kurukwa. Golden Gate Quartet walilimaliza suala hilo kwa kuhama kabisa: mwaka 1959 waliweka makazi Paris.

Na kwa kuwa wasomaji Waadventista wataniuliza: King's Heralds, ile kwarteti ya Sauti ya Unabii, hawaingii vizuri katika hadithi hii. Wao walikuwa waajiriwa wa huduma ya redio, kwa hiyo Jumanne yao ililipwa na ofisi, na ziara zao zilifuata makambi na mikutano ya kanisa. Ni jamaa wa karibu, lakini kalenda yao ni nyingine.

Turudi kwenye barabara. Miaka ya 1960 televisheni iliyowaibia watu wa Jumanne ilianza kuwalipa kidogo. Mwaka 1964 kipindi cha Gospel Singing Jubilee kilianza kuonyeshwa Jumapili asubuhi katika miji mingi, Florida Boys wakiwa wenyeji. Tofauti na redio ya zamani, hiki kilirekodiwa: unaingia studio siku chache, unatoka na vipindi vya wiki nyingi, kisha unakwenda zako. Kwa mara ya kwanza kikundi kilikuwa nyumbani kwa watu kila Jumapili huku chenyewe kiko kilomita 1,000 mbali. Mwaka 1969 J.G. Whitfield, promota wa Pensacola, Florida, alianzisha jarida la Singing News, nalo likawa mahali pa kutazama nani anaimba wapi mwezi ujao. Kwako mtafiti hilo ni neema, kwa sababu kuanzia hapo ratiba zimechapwa mahali pamoja.

Miaka ya 1970 ikaleta mafuta ghali na, kuanzia 1974, mwendo wa juu wa maili 55 kwa saa nchi nzima. Safari ya usiku mmoja ikarefuka kwa saa moja au mbili, bei ya dizeli ikapanda, na mji wa Jumanne ambao tayari ulikuwa unakaa nyumbani kutazama televisheni haukulipa tena gharama. Wengine walitafuta mlango mwingine. J.D. Sumner, ambaye sasa aliongoza Stamps Quartet, aliimba nyuma ya Elvis kuanzia 1971, katika ziara za siku chache chache zenye malipo ya uhakika. Ziara iliyofuata ilikuwa ianze Portland, Maine, tarehe 17 Agosti 1977, na Elvis akafariki siku moja kabla. Oak Ridge Boys, kwarteti nyingine ya injili, walihamia muziki wa kantri mwaka huohuo.

Waliobaki waliingia makanisani, na hapo ndipo ratiba ya leo ilipozaliwa. Kanisa halidai kodi ya ukumbi, halihitaji mabango makubwa wala promota, na vyombo vya sauti mara nyingi vipo. Badala ya kiingilio kuna sadaka ya upendo, na baada ya ibada kuna meza ya kaseti, baadaye CD. Mapato ya usiku mmoja ni madogo kuliko ya mkesha wa Nashville, na hayatabiriki, lakini gharama nazo zimeshuka. Makanisa, hata hivyo, yana siku zake. Jumapili asubuhi ndiyo bora, na Jumapili jioni ilikuwa ya pili, mpaka makanisa mengi yalipoanza kuacha ibada ya jioni na kuzipunguzia kwarteti nusu ya siku yao kubwa. Katikati ya wiki imebaki Jumatano, usiku wa maombi, na huo nao si kila mchungaji anayekubali kuutoa. Jumatatu na Jumanne hakuna anayeita.

Kwa hiyo vikundi vya sasa vimeijibu Jumanne kwa kuiacha. Basi liko nyumbani, linaondoka Jumatano usiku au Alhamisi alfajiri, linarudi Jumatatu. Fanya hesabu mwenyewe: siku nne kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka, unapata 180. Ukitoa tarehe zilizokosa mwenyeji, na ukiongeza Jumapili zenye ibada mbili, unaona kwamba tofauti na watu wako wa chuma si kubwa kama inavyoonekana kwenye karatasi. Kilichobadilika ni mpangilio wa wiki. Waimbaji wengi wa vikundi vidogo wana kazi nyingine Jumatatu hadi Jumatano, na hata vikundi vya kulipwa hutumia siku hizo kurekodi, kutengeneza basi na kulea watoto. Katika miaka ya 1950 watoto hao walilelewa na mama peke yake, jambo ambalo mabango yale mazuri hayaonyeshi.

Mambo mawili makubwa yameongezeka tangu hapo. Kwanza ni Bill Gaither, mtunzi na mwimbaji wa injili, ambaye video zake za Homecoming, kuanzia 1991, ziliwarudisha wazee wa muziki huu kwenye macho ya watu. Zilipogeuka ziara za viwanja vikubwa vya ndani, ziliwachukua waimbaji wa vikundi vingi kwa pamoja, hasa mwisho wa wiki, na kila kikundi kikapanga tarehe zake kuzunguka hizo. Pili ni mapumziko ya Pigeon Forge, Tennessee, chini ya milima ya Smoky. Kwarteti ya Kingdom Heirs iliimba kwa miaka mingi katika bustani ya burudani ya Dollywood, maonyesho kadhaa kwa siku, msimu mzima, bila kupanda basi. Mimi naona hilo ndilo jibu la busara kuliko yote: Jumanne ya mtalii ni sawa na Jumamosi yake, kwa hiyo badala ya kuwafuata watu, unakaa walikokuja kupumzika.

Mwaka wenyewe nao una umbo lake. Januari ni ya mapumziko, studio, na safari za meli za mashabiki. Februari na Machi mabasi yanateremka Florida, ambako wastaafu wa kaskazini wamekimbia baridi na wana kila siku ya wiki mikononi mwao. Huko hata leo utakuta tarehe ya Jumanne. Kiangazi ni matamasha ya nje, kama lile la Grandfather Mountain, North Carolina, lililoanza miaka ya 1920. Septemba wiki moja imefungwa kwa ajili ya National Quartet Convention, iliyoanzishwa na Sumner na James Blackwood huko Memphis mwaka 1957, ikahamia Nashville, ikakaa Louisville, Kentucky, kuanzia 1994, na tangu 2014 iko Pigeon Forge. Novemba na Desemba ni programu za Krismasi, halafu kimya.

Sasa, ile picha yako ya 1957. Isome kwa tahadhari. Tafuta kwanza Ijumaa na Jumamosi, uone miji mikubwa iliyopigiliwa, ndipo uangalie miji midogo iliyo kati yake. Ikiwa Jumatano iko mbali na mstari, huenda ni mwaliko wa zamani uliokubaliwa kwa sababu ya urafiki. Pengo la Jumatatu mara nyingi ni safari au studio. Usishangae ukikuta jina moja la kikundi katika majimbo mawili usiku mmoja, hasa katika ratiba za kabla ya 1950, kwa sababu ya zile kampuni zilizotuma kwarteti kadhaa zenye jina moja. Na usichukulie kila tarehe iliyotangazwa kuwa iliimbwa. Mapromota wengine walichapa majina ya vikundi ambavyo havijakubali, ili tiketi ziuzwe, na magari yaliharibika njiani kama yanavyoharibika kwenu. Uthibitisho uko katika gazeti la mji husika: tangazo la Alhamisi au Ijumaa linakuambia nani alitarajiwa, na habari fupi ya Jumatatu, ikiwapo, inakuambia nani alifika. Ukipata jina la kikundi na mji mmoja tu kutoka kwenye picha hiyo, niandikie, tuanzie hapo.